Uzi: Vituo vya kunawia mikono kambini vinakauka ndani ya wiki mbili. Sababu hasa ni nini?

#1. Kasulu_Juu

Habari za kazi wadau. Naleta swali kwa wenzangu wa usafi na uhamasishaji, hasa mlioko kwenye kambi za wakimbizi. Sisi tuko Kigoma.

Kila safu ya vyoo vinne vya jumuiya imewekewa kibuyu chirizi kimoja: dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni ya mche kilichotobolewa katikati na kuning'inizwa. Siku ya uzinduzi kila kitu kipo mahali pake. Wiki ya pili ukipita saa 2 asubuhi, dumu halina hata tone, na ya sabuni imebaki kamba tupu.

Ukiwauliza watu nyakati za kunawa wanazitaja zote tano bila kukosea: ukitoka chooni, ukishamsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba elimu wanayo, na kuongeza vipeperushi ni kupoteza muda. Kinachokosekana ni nini?

#2. FundiKoki

Mkuu, kabla ya kutafuta sababu kwenye vichwa vya watu, lipigie hesabu hilo dumu.

Mwongozo wa Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, unataka lita 1 hadi 2 za kunawia kwa kila mtumiaji wa choo cha jumuiya kwa siku. Vyoo vinne, kila kimoja watu 20, ni watu 80. Hapo unahitaji lita 80 hadi 160 kila siku. Dumu la lita 5 lijazwe mara 16 hadi 32. Likijazwa saa 12 alfajiri, foleni ya asubuhi inalimaliza kabla jua halijapanda. Unachokikuta saa 2 ni kituo kilichotumika mpaka kikaisha, si kituo kilichotelekezwa.

Kibuyu chirizi ni kifaa cha nyumbani, cha familia moja. Kwa vyoo vya jumuiya weka pipa la lita 100 au 120 juu ya stendi, koki mbili, na kwa ajili ya watoto weka ndoo ya pembeni yenye koki iliyo sentimita 60 hivi kutoka chini.

Tena angalieni namna mnavyofunga koki. Tundu likitobolewa kwa msumari wa moto plastiki inavimba ukingoni, mpira haukai sawa, na maji yote yanavuja usiku. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha koki, kipashe moto, kisukume mara moja bila kuzungusha, halafu kwangua ukingo kwa kisu. Mpira mmoja ndani, mmoja nje. Nati ikaze kwa mkono tu, spana inapasua. Tundu likae sentimita 4 hivi juu ya kitako ili mchanga na uchafu ubaki chini.

#3. Mama_Zoni

Hesabu ya FundiKoki nimeielewa na naikubali. Ila pipa la lita 100 nalo litajazwa na nani? Hapo ndipo mambo yote yanapokwama. Cha wote hakina mwenyewe.

Vyoo vinavyobaki na maji ni vile vilivyogawiwa familia nne au tano zinazojuana, mlango una kufuli, kila nyumba ina ufunguo. Hapo kuna aibu ya jirani. Njia inayofanya kazi ni kibao cha zamu: kipande cha ubao chenye namba ya choo, kinahama mlango hadi mlango. Kikining'inia kwako leo, maji na usafi wa choo ni vyako mpaka kesho alfajiri. Hakihitaji karatasi wala mtu wa kusimamia, maana kila anayepita anakiona kipo mlango wa nani.

Vyoo vya safu ndefu vilivyojengwa kwa haraka wakati wa dharura, mkaviacha hivyohivyo miaka, msitegemee kituo chochote kudumu.

#4. Lodwar_Jua

Salamu kutoka Turkana. Wakubwa, mnaongea juu ya mapipa na zamu, lakini hayo maji yenyewe mfereji unafunguliwa saa ngapi?

Kiwango ni watu 250 kwa mfereji mmoja unaotoa lita 7.5 kwa dakika. Lita 15 kwa mtu ni lita 3,750 kwa siku. Gawanya kwa 7.5 unapata dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20 bila kufunga hata mara moja. Sasa pampu ikiwashwa saa 4 tu kwa siku kwa sababu ya dizeli, umebaki na lita 1,800. Hiyo ni lita 7.2 kwa mtu, ya kunywa, kupika, kufua na kuoga. Mama gani atachukua lita 20 kati ya hizo akazimwage kwenye pipa la choo cha watu wote?

Mimi naona kituo kikavu ni ripoti ya mtandao wa maji. Kabla ya kumlaumu mtu, simama kwenye mfereji na saa mkononi, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikizidi dakika 2 na sekunde 40, huo mfereji hauna nguvu ya watu 250.

#5. Kasulu_Juu

Lodwar_Jua ahsante, hiyo ya saa na ndoo naifanya kesho. Ila ndugu yetu, ukija huku usiwaambie watu wanawe kwenye mfereji, watakwenda mtaroni.

#6. Lodwar_Jua

Hahaa, mfereji wetu ndio koki yenu, na mfereji wenu ndio mtaro wetu. Lakini hilo si la kucheka tu. Bango likichorwa Nairobi likapelekwa Kigoma na maneno "nawa kwenye mfereji", linaharibu. Maneno yapimwe kwanza kwa watu kumi wa hapohapo kabla ya kuchapa.

#7. Virunga_Mashariki

Na kwetu Kivu ukisema dumu hatukuelewi, ni bidoni. Mabango ya usafi yaandikwe na watu wa kambi wenyewe. Kigoma mna Wakongo na Warundi pamoja, kwa hiyo Kiswahili peke yake hakitoshi, mama wa Kirundi aliyefika juzi umwambie kwa Kirundi.

#8. DadaSabuni

Nashangaa tumefika hapa hakuna aliyeongelea sabuni ilikokwenda. Nyote mnaongelea maji.

Sphere inasema gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Mahali pengi mgao ni ile 250 peke yake, kwa kazi zote. Familia ya watu 6 inapata kilo 1.5 kwa mwezi, sawa na gramu 50 kwa siku kwa kuoga, kufua, vyombo na mikono. Kwa kipimo kamili walitakiwa wapate kilo 2.7. Bado hujaongeza gramu 250 za ziada kwa kila mwanamke na binti aliye kwenye hedhi kwa ajili ya kufulia vitambaa vyake. Mama na mabinti wawili ni gramu 750. Nepi za mtoto mchanga nazo zinakula sabuni kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Pengo la nyumba hiyo ni karibu kilo 2 kila mwezi.

Kwa hiyo kipande kilichoning'inizwa chooni kikichukuliwa kikaenda kufua nepi, hiyo sabuni imefanya kazi ya usafi. Mimi siuiti wizi. Anayeandika kwenye ripoti "jamii inaiba sabuni" akapime kwanza mgao wake.

Kuna utafiti wa miaka ya 1990 kambi ya Nyamithuthu, Malawi, kwa wakimbizi wa Msumbiji: nyumba zilipokuwa na sabuni, kuhara kulipungua kwa asilimia 27. Kilichohesabiwa ni sabuni kuwepo tu ndani ya nyumba. Ndiyo maana mimi kitu cha kwanza kupigania kwenye bajeti ni gramu, kisha vituo.

#9. Mpimaji

DadaSabuni umenena. Naongeza njia ya kupunguza hasara: maji ya sabuni. Gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari mwembamba, funga chupa kwa kamba shingoni. Anayenawa anaminya kidogo tu. Hakuna wa kuichukua kwenda kufulia nguo, haitafunwi na panya, kunguru haibebi. Sabuni ya mche ina mafuta, panya na kunguru wanaipenda sana, na watu wengi wanasingiziwa kwa kazi ya kunguru.

Ukilazimika kutumia ya mche, kata chupa ya lita 1.5 katikati, tumia nusu ya juu kama kofia: kamba ipite mdomoni mwa chupa, sabuni ining'inie ndani. Mvua haiilowanishi na jua haliipasui.

#10. Kijana_wa_Nduta

Sisi tunatumia majivu, hayana gharama na yanafanya kazi sawa na sabuni. Kwa nini tunasumbuka? Pia mkuu wa uzi, Sphere inaruhusu choo kimoja watu 50, kwa hiyo hesabu za 20 hapo juu si sahihi.

#11. FundiKoki

Kijana_wa_Nduta, watu 50 kwa choo ni kwa siku za mwanzo kabisa za dharura. Hali ikitulia unashuka hadi 20, na vya wanawake viwe vitatu kwa kimoja cha wanaume. Kambi yenye miaka kadhaa ikiendelea kuripoti 50 inajificha nyuma ya kipimo cha wiki za kwanza.

Majivu: yanakubalika pale sabuni inapokosekana, kwa sababu msuguano na maji ya kusuuza vinaondoa uchafu. Kusema ni sawa na sabuni ni kuvuka mpaka, ushahidi wake ni mwembamba. Yawe makavu, ya jikoni, ndani ya kopo lenye kifuniko. Udongo usiruhusu, hasa ule wa kando ya choo, una mayai ya minyoo.

#12. Virunga_Mashariki

Niwaambie ya udongo wa Goma ili mwone kituo cha kunawa kinavyoweza kukosa maana kabisa.

Kambi zilizokuwa pembeni ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zilikaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Huchimbi. Ukishuka hata mita moja ni bahati. Kwa hiyo vyoo vinapandishwa juu, tangi chini, ngazi mbele. Sasa piga hesabu: mkojo na kinyesi ni kama lita 1.5 kwa mtu kwa siku, na tangi halinyonyi kitu. Watu 50 ni lita 75 kwa siku. Tangi la lita 1,000 limejaa siku ya 13. Gari la kunyonya lisipokuja siku ya 13, siku ya 14 watu wanakwenda kwenye mawe. Huko kwenye mawe hakuna kituo cha kunawa.

Na ngazi. Mzee au mama mjamzito anapanda ngazi sita huku ameshika kopo la maji mkono mmoja. Akishuka, kituo kiko upande wa pili wa safu kwa sababu fundi alitafuta mahali tambarare. Hazunguki. Kiweke kwenye hatua ya mwisho ya ngazi, upande ambao mkono unashikilia.

Linganisheni na shimo la kawaida huko Kigoma: mita 1 kwa 1, kina mita 3, ukiacha nusu mita ya juu unabaki na mita za ujazo 2.5. Watu 20 kwa lita 50 kwa mtu kwa mwaka ni miaka miwili na nusu. Mna neema ya udongo unaonyonya. Msiiharibu kwa kutupa plastiki na vitambaa shimoni, hivyo haviozi na vinaila miaka yenu.

#13. Mwalimu_Tabia

Nimesoma yote. Maji, sabuni, umiliki, ujenzi: vyote vya kweli, lakini hata mahali ambapo vyote vipo watu hawanawi. Msiruke hapo.

Shule za msingi Bangladesh walipima. Kabla ya kitu chochote, waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya choo walikuwa asilimia 4. Walipojenga vituo vyenye maji na sabuni ikafika 18. Halafu wakapaka njia ya rangi kutoka mlango wa choo hadi kituoni, na kuchora nyayo na viganja. Bila somo lolote. Ikafika 74, na baada ya wiki sita ilikuwa palepale. Kwa hiyo vifaa peke yake viliipandisha kutoka 4 hadi 18. Kilichobaki kilikuwa ni jicho kukumbushwa kwa wakati unaofaa.

Kasulu_Juu unasema elimu wanayo. Sawa, lakini kujua na kukumbuka ukiwa umebeba mtoto mgongoni na dumu kichwani ni mambo mawili tofauti. Na ujumbe wa vijidudu na magonjwa hauwasukumi watu kama mnavyodhani. Ujumbe wa kinyaa unasukuma. Pakia kiganja mafuta na vumbi la mkaa, shikana mikono na watu watano mfululizo, kila mmoja aangalie chake, halafu mlete ugali. Hakuna anayehitaji maelezo.

#14. Lodwar_Jua

Mwalimu, nyayo za rangi zinataka saruji. Kambini njia ni vumbi, na mvua ikinyesha ni tope.

#15. Mwalimu_Tabia

Mawe. Mawe ya ukubwa wa kichwa, yapakwe chokaa, yapangwe pande mbili kutoka mlangoni hadi kituoni, hatua kama nane. Chokaa irudiwe kila mwezi. Watoto wenyewe wataipenda hiyo kazi. Na kituo kionekane ukifungua mlango, kisiwe nyuma ya choo. Ukikiweka nyuma umekificha.

#16. Mpimaji

Kidogo nje ya mada, lakini nimeona vituo vingine vinawekewa maji ya klorini badala ya sabuni wakati wa kipindupindu. Tafadhali pimeni kwa mizani, msipime kwa kijiko, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Kwa HTH (unga wa klorini) ya asilimia 70: ya kunawia ni asilimia 0.05, yaani gramu 15 kwenye lita 20. Ya kusafishia sakafu na sehemu zilizochafuka ni 0.5, gramu 143 kwenye lita 20. Ukiwa na unga wa asilimia 65, weka 154. Ya matapishi na maiti ni asilimia 2, gramu 571. Ndoo ziwe za rangi tofauti na zifunikwe. Changanya asubuhi, jioni mwaga, jua linaimaliza nguvu. Unga wenyewe ukae kwenye pipa la plastiki, chumba chenye hewa, mbali na dizeli na mafuta. Vikigusana vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Nimeona stoo nyingi zinaviweka ukuta mmoja.

#17. Kijana_wa_Nduta

Ahsante FundiKoki kwa kunirekebisha. Mpimaji, kwenye maji ya kunywa tunaweka klorini kwenye ndoo pale kwenye kituo cha kuchotea, lakini vidonge vya DPD vya kupimia klorini vinaonyesha sifuri. Tunaongeza, bado sifuri. Unga umeharibika?

#18. Mpimaji

Acheni kuongeza leo hii. Inawezekana mmezidisha. Klorini ikiwa nyingi sana, kama miligramu 10 kwa lita na kuendelea, inaipausha rangi ya waridi ya DPD, na wewe unasoma sifuri. Angalia kwa makini unapodondosha kidonge: rangi ikitokea mara moja ikapotea, au ndoo inanuka dawa, ndiyo hiyo. Chukua sehemu 1 ya maji hayo, ongeza sehemu 9 za maji yasiyo na klorini, pima upya, zidisha kwa 10.

Kisha anzeni upya kwa utaratibu. Tengeneza mmumunyo mama wa asilimia 1: gramu 15 za HTH kwenye lita moja. Chukua ndoo nne za lita 20 za maji yaleyale ya chanzo. Kwa bomba la sindano weka mililita 1 ya kwanza, 1.5 ya pili, 2 ya tatu, 2.5 ya nne. Mililita 1 kwenye lita 20 ni miligramu 0.5 kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30, pima. Ndoo itakayobaki na 0.5 au juu yake kidogo ndiyo dozi yako ya chanzo hicho. Chanzo kikibadilika, au mvua ikichafua maji, rudia. Maji yakiwa ya tope, juu ya NTU 5 (kipimo cha ukungu wa maji), usianze na klorini, yatulize au tumia shabu kwanza.

Halafu nenda ukapime nyumbani kwa mtu siku ya pili. Nyumbani iwe angalau 0.2. Kituoni inaweza kuwa safi, ndani ya dumu lenye ukoko wa kijani haipo tena. Madumu yasuguliwe: konzi ya kokoto, maji kidogo, sabuni, tikisa.

#19. Mama_Zoni

Na uvumi wa klorini kuharibu uzazi, hilo nalo lijibuni hadharani. Changanyeni mbele ya watu, na mhamasishaji anywe kikombe cha kwanza. Mkichanganya stoo kwa siri mkaja na ndoo tayari, mmewapa watu sababu ya kuogopa.

#20. Ziwa_Tanganyika

Salamu wote. Nataka kumpinga Mwalimu_Tabia kidogo, kwa mfano wa hapahapa kwetu.

Mwezi wa Mei 2015 Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani na Burundi. Makumi ya maelfu ya watu walikaa kwenye kipande cha ufuko kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, wanangoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia, watu 30 hivi wakafa. Maji ya kunywa ni ziwa, choo ni ufuko huohuo. Pale nyayo za rangi zingesaidia nini? Kilichozuia vifo ni kuwahamisha watu, kutia klorini kwenye ndoo pale pale wanapochotea, na vituo vya kunywesha wagonjwa maji ya chumvichumvi (ORS). Goma 1994, kwa wakimbizi wa Rwanda, ni hivyohivyo kwa ukubwa wa kutisha: karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, kipindupindu na kuhara damu, chanzo kikuu maji ya Ziwa Kivu.

Kwenye dharura, tabia inafuata bomba.

#21. Mwalimu_Tabia

Ziwa_Tanganyika, sipingi. Kwenye wiki za kwanza bomba, klorini na choo vinatangulia. Swali la mwenye uzi ni kambi iliyokaa miaka. Hapo bomba lipo, na kituo bado kikavu.

#22. DadaSabuni

Lipo lakini linatoka kwa saa 4 tu kwa siku. Rudi #4.

#23. Mwenge_wa_Usafi

Hamjagusa wahamasishaji wenyewe. Kipimo cha dharura ni mhamasishaji 1 kwa watu 500. Ukiwa na 1 kwa watu 2,000, na posho yake ni ile ya motisha, atapita safu ya vyoo mara moja kwa wiki akaweke alama kwenye fomu. Wanaopita kila siku wanajua nani kajaza, nani hajajaza, koki ipi imelegea. Wape pia vipuri: mipira ya koki kumi, kamba, msumari, vifuniko. Mhamasishaji mwenye bango bila mpira wa koki anaonekana mtu wa maneno.

Na fomu ibadilishwe. Ukiuliza "unanawa?" kila mtu atasema ndiyo. Pima sabuni: andika uzito wa kipande Jumatatu kwa mizani ya jikoni, pima tena Jumatatu ijayo. Au kaa mahali usipoonekana sana, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, hesabu waliotoka na walionawa. Siku ya kwanza usiihesabu, watu wanajua wanaangaliwa.

#24. Kasulu_Juu

Wadau mmenipa kazi ya mwezi. Nimepima koki leo: ndoo ya lita 20 ilichukua dakika 4 na sekunde 10. Lodwar_Jua hesabu yako imenigusa. Mlinzi wa kituo anasema valvu ya tawi letu inafunguliwa nusu ili upande wa bondeni usipasuke mabomba.

Nitafanya hivi: safu mbili zipate pipa la lita 120 na maji ya sabuni kwenye chupa, safu mbili zipate kibao cha zamu na mawe ya chokaa bila pipa jipya, safu mbili zibaki zilivyo. Nitapima kwa kukaa asubuhi kama alivyosema Mwenge_wa_Usafi. FundiKoki, chini ya pipa kuna tope tayari, kina mama wanakwepa.

#25. FundiKoki

Shimo la kunyonyea: sentimita 60 kila upande, kina 60, mawe makubwa chini, kokoto juu, turubai la zamani lililotobolewa lifunike kokoto, halafu changarawe. Mfereji mdogo, samahani, mtaro mdogo kutoka chini ya koki. Lisiwe ukingoni mwa shimo la choo, maji yatabomoa ukuta wake. Na valvu hiyo ya nusu ipelekeni kwa wahandisi. Tawi la bondeni linahitaji tangi la kupunguza mgandamizo, lisilindwe kwa kuwakausha wa juu.

#26. Mama_Zoni

Kasulu_Juu jaribio ni zuri, lakini umesahau usiku. Giza likiingia wanawake wengi na watoto hawaendi kwenye safu ya vyoo. Wanatumia ndoo au mfuko ndani, wanakwenda kumwaga alfajiri. Mikono inachafukia nyumbani na inanawiwa nyumbani, au hainawiwi kabisa. Ukikaa chooni saa 12 unamhesabu mama aliyekuja kumwaga ndoo kama mtu aliyetoka chooni bila kunawa, kumbe anarudi kunawa kwake, au harudi.

Ongeza kundi la nne: kibuyu chirizi cha lita 5 mlangoni kwa kila nyumba, chooni usiweke kitu. Linganisha na mapipa yako.

#27. FundiKoki

Chooni usiweke kitu? Hapo tutabishana sana dada.

#28. Mama_Zoni

Tubishane akishapima.